Jibu: Sho kubwa za mbele kwenye Lexus na BMW, kuna anayezipenda kweli?

Ndugu, umeuliza kama kuna anayezipenda kwa dhati sho kubwa za mbele, yaani ule wavu wa kupitisha hewa usoni mwa gari, za Lexus na BMW. Mimi naipenda ya Lexus, ile iliyobanwa kiunoni iliyoingia na modeli ya GS ya mwaka 2012, kwa sababu ukiiona ikishuka kutoka Capri Point hapa Mwanza huhitaji kusoma nembo ili uitambue. Ile ya BMW 4 Series ya mwaka 2020 siipendi, ingawa watetezi wake husema kwa haki kwamba BMW 328 ya mwaka 1936 nayo ilikuwa na figo, yaani zile sehemu mbili za sho ya BMW zenye umbo la figo, ndefu za wima. Figo zile zilikuwa nyembamba, na wembamba huo ndio uliozipa heshima, ilhali hizi zimetanuka hadi kibao cha namba kinakatisha katikati yake. Jirani yangu hapa Nyegezi huona ukubwa ndio fahari yenyewe, wala simlaumu. Hoja kwamba ukubwa huo ni wa kupoza injini haitoshi, kwani BMW iX ni ya umeme na figo zake zimezibwa, zikificha kamera na vihisi. Ukinunua yenye matundu wazi, ioshe mara kwa mara, maana wadudu wa ziwani hunasa humo.