Jibu la swali la wiki: mzee wa duka la rehani

Wiki hii mmeuliza ni muvi gani ya zamani iliyotubadilisha namna ya kuwaangalia watu. Mimi ninayo moja tu, The Pawnbroker ya Sidney Lumet, ya 1964, ile ya enzi za picha zisizo na rangi, na naitaja kwa sababu inamwonyesha manusura wa Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, ambaye si mtu mwema. Wengi tumezoea kudhani mtu akishapitia mateso makubwa basi anatoka huko na busara na huruma, yaani tunamdai awe mtakatifu ndo tumhurumie. Hii muvi inakataa kabisa hilo.

Kwa ambao hamjaiona, Sol Nazerman alikuwa profesa Ujerumani, Wanazi wakamchukua yeye na mke na watoto wawili kuwapeleka kambini, akatoka hai peke yake. Sasa yuko New York, ana duka la rehani East Harlem, mtaa wa weusi na Wapuertoriko maskini, watu wanakuja kuweka bondi vinara vya mishumaa, pete, chochote, na yeye yuko nyuma ya wavu wa chuma anataja dola chache, hataki hadithi ya mtu. Kuna mzee mmoja, Mr. Smith, anakuja na vitu vidogo vidogo visivyo na thamani na unaona wazi hela siyo shida yake, mzee anatafuta mtu wa kuongea naye mambo ya vitabu na falsafa, mtaa mzima hana wa kumsikiliza, na huyu mwenye duka si alikuwa profesa jamani! Lakini Sol anamkatisha. Mimi sehemu hii huwa inaniuma kuliko hata zile za kambini, maana ni wapweke wawili wametenganishwa na kaunta tu na mmoja hawezi kufungua mdomo.

Halafu kuna namna kumbukumbu zinavyoingia. Haianzi na muziki laini wala mtu kuangalia dirishani akiwaza, hapana, anatembea usiku anasikia mbwa anabweka, vijana wanampiga mtu kwenye uzio, na ghafla picha ya kambini inapita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, unajiuliza nimeona nini, inarudi tena, ndefu kidogo, mpaka inamfunika kabisa. Binti mjamzito analeta pete na Sol anaona mikono imepangwa kwenye waya watu wanavuliwa pete. Amepanda treni ya mjini, nyuso za abiria zinageuka kuwa nyuso za waliosongamana kwenye behewa la mifugo na yeye kambeba mwanae mabegani. Jiji halijamfanyia kosa lolote, ni maisha ya kawaida ya watu yanaendelea, ila kila kitu kinamgusa pale pale penye kidonda. Nimekulia Kigoma na pale tuliishi na wazee waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, mmoja alikuwa mkali balaa kwa sisi watoto, na baada ya muvi hii nilimfikiria sana.

Rod Steiger ndo kaigiza Sol, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Berlin 1964, Oscar aliteuliwa tu ikaenda kwa Lee Marvin, na mimi mpaka leo naona alionewa. Muziki ni wa Quincy Jones, jazi ya mjini haswa.

Kuna wanaolalamika kwamba muvi inalinganisha umaskini wa Harlem na kambi za mauaji. Sioni hivyo. Anayelinganisha ni Sol, kichwa chake ndo kinachanganya, na kosa lake kubwa liko hapo, hawaoni watu wa Harlem kama walivyo. Msaidizi wake dukani, kijana Jesus Ortiz, anamheshimu kama mwalimu, anataka kujifunza biashara, na Sol anamwambia usoni kwamba yeye si kitu kwake. Kijana kwa hasira anakubaliana na wezi waje kuvamia duka, halafu bunduki ilipotoka akaingia mbele ya Sol na risasi ikampata yeye kijana. Yaani aliyeambiwa si kitu ndo kafa kwa ajili ya mzee, na Sol anafungua mdomo kupiga kelele na sauti haitoki.

Msiangalie na watoto. Kuna mwanamke anavua nguo ya juu mbele ya Sol, na wasimamizi wa maadili wa Hollywood waliikataa kwanza ndo baadaye wakaipitisha kama kesi ya pekee. Waliamua vizuri, kwa sababu uchi ule hauna tamaa hata kidogo, Sol pale anamuona mkewe kambini, alivyotumiwa na maofisa.

Msomaji wenu, Kigoma