Rubani Anapoghairi Kutua Mvuani

SWALI: Mhariri, mwezi uliopita nikisafiri kwa ndege kwenda Mwanza, mvua kubwa ilitukuta tukikaribia kutua. Nilikuwa nimekwisha kuyaona majani ya kando ya njia pale rubani alipoipaisha ndege tena, tukazunguka angani karibu nusu saa. Abiria tulinung'unika sana. Kama tulikuwa tumefika, kwa nini asitue tu akashika breki?
Msomaji, Shinyanga

JIBU: Ndugu msomaji, jibu lako liko Toronto, Kanada. Tarehe 2 Agosti 2005, ndege ya Air France aina ya Airbus A340, iliyotoka Paris na watu 309, ilifika huko katikati ya mvua ya radi. Upepo uliokuwa ukiikabili uligeuka ukawa unaisukuma kwa nyuma, ikapita mwanzo wa njia ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, na magurudumu yakagusa lami baada ya takribani mita 1,160 kupotea bure katika njia yenye urefu wa mita 2,743.

Mita zilizobaki huonekana nyingi kwa aliyeketi dirishani, lakini lami iliyofunikwa na maji huyanyima matairi mshiko, na breki ulizozitaja hazifui dafu. Hapo hutegemewa pia injini, ambazo hugeuza msukumo wake kuelekea mbele. Toronto hata hilo lilichelewa, kwani marubani waliliamuru sekunde zipatazo 13 baada ya kugusa. Ndege ilipita mwisho wa njia ikiwa na mwendo wa kilomita 150 hivi kwa saa, ikatumbukia bondeni penye kijito, ikashika moto. Wote 309 walitoka hai, ingawa wengi, la kushangaza, walisimama kwanza kuchukua mikoba yao.

Wachunguzi wa Kanada walieleza kwamba marubani wale walikwisha kujifunga kutua, wakaona kupaa tena hakuwezekani. Rubani wenu hakujifunga hivyo. Majani uliyaona kwa sababu dirisha lako hutazama kando na chini, ilhali yeye hutazama mbele, ambako mvua huweza kuificha njia yote. Na ile nusu saa haikuwa ya kubahatisha, kwa kuwa mafuta ya kuzunguka, na ya kwenda uwanja mwingine ikibidi, hupigiwa hesabu kabla ndege haijaondoka.