Upasuaji wa endometriosisi: jiandae, kisha usikimbilie kurudi Lamu

Dada yangu, pole sana. Umeuliza ujiandae vipi na upasuaji wa endometriosisi (ugonjwa wa tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake) huko Mombasa, na lini utaweza kurudi Lamu. Kwanza, maumivu yako si ya kuambiwa "vumilia, ukizaa yataisha". Mimi niliambiwa hivyo miaka mingi, na hayakuisha.

Mwambie daktari kila dawa unayotumia, hata za miti shamba, maana baadhi huzidisha kutoka damu. Muulize kama ataziondoa tishu zilizoota nje ya mfuko wa uzazi au atachungulia tu, na kama ugonjwa umegusa utumbo.

Kilichonishtua mimi ni bega. Katika upasuaji wa matundu madogo tumbo hujazwa gesi, na mabaki yake huuma begani siku 2 au 3. Nilidhani ni moyo! Kutembea taratibu chumbani kulinisaidia, pamoja na maji mengi na papai, kwa sababu dawa kali za maumivu hufunga choo. Vaa dera, usikaze kitu kiunoni.

Safari ni gari mpaka Mokowe, kisha boti, kisha ngazi za nyumba zetu. Kaa kwa jamaa Mombasa hadi daktari akuone tena. Nyumbani, ndoo za maji wabebe wengine kwa wiki kadhaa. Ukipata homa, usaha kidondani, damu nyingi au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.