F-22 inayotoweka, na swali lako la Su-57

Ndugu, umesema modi (nyongeza ya mchezo) ya ndege ya kivita ya Marekani, F-22, hutoweka kila ukiikarabati DCS World, ule mchezo wa kuigiza urubani, na kwamba unaitaka ili ujue kama F-22 ingeishinda Su-57 ya Urusi.

Usiiweke kwenye folda ya programu yenyewe, kwa sababu ukarabati hufuta mafaili ambayo programu haiyatambui. Iweke Saved Games, ndani ya DCS, kisha Mods, kisha aircraft. Folda isipokuwepo, itengeneze.

Hilo la pili, la Su-57, ndilo linalonigusa. Namna ndege hizi mbili zinavyoonekana kwenye rada ni siri za kijeshi, kwa hiyo mtengenezaji wa modi amekisia. Ukishinda, umeshinda makisio yake.

Jifunzie kwa F-16C na F/A-18C, ambazo habari zake nyingi ziko wazi. F-16 imejengwa kuhimili G 9 (yaani nguvu mara tisa ya uzito wa kawaida), Hornet, yaani F/A-18C, 7.5; kwa hiyo mkiwa na kasi, F-16 hukata kona kwa nguvu zaidi. Kasi ikishuka, Hornet huinua pua kwa pembe ambayo kompyuta ya F-16 haimruhusu rubani kuifikia. Hapo ndipo utamu ulipo! Ila wewe na mpinzani wako sawazisheni mafuta kwanza, maana aliyejaza tangi huwa mzito na huonekana dhaifu bure.