Kabla ya kusajili kampuni, acha pakiti dukani mwezi mzima

Wanafunzi wa uzamili wanaonitafuta kuhusu kufungua kampuni huanza na mtaji. Mimi huanza na swali jingine: bidhaa yako ikitoka kwenye friji, inakaa hai muda gani?

Kampuni yetu ilizaliwa katika maabara ya chuo, Morogoro. Tunatengeneza mbolea hai ya soya, yaani bakteria wa rizobia wanaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda. Wakiingia mizizini hujenga vinundu na kunasa naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa lakini mmea wenyewe hauwezi kuitumia. Kisayansi hakuna jipya hapo, jambo hilo linajulikana tangu karne ya 19. Kazi ya kampuni ni kuhakikisha bakteria hao wako hai siku mkulima anapofungua pakiti, na tasnifu haikufundishi hilo.

Maabara, kwenye nyuzi 28, kufikisha bakteria bilioni moja kwa gramu si shida. Sasa zipeleke pakiti hizohizo kwenye duka la pembejeo Dumila, mwezi wa pili, chini ya bati, kando ya madumu ya viuatilifu. Ziache hapo mwezi mzima. Kisha mtume mtu akanunue moja kama mteja, uioteshe kwenye sahani ya agari, yaani ute wa kukuzia bakteria, uliotiwa rangi ya Congo red. Rizobia hawafyonzi sana rangi ile, kwa hiyo makundi yao hubaki meupe au waridi hafifu, yenye utelezi. Yale mekundu yaliyokolea ni wageni waliojialika. Sahani ikijaa wekundu, rudi maabara kwanza, BRELA, ofisi ya kusajili kampuni, haihami.

Kwetu sisi, tiba haikuwa kutafuta bakteria mwingine. Tulibadilisha unga wanamokaa. Viwanda vya sukari hubakiwa na tope jeusi juisi ya miwa inapochujwa, na Morogoro tunavyo viwanda hivyo. Likikaushwa, likasagwa na kupikwa kwa mvuke hadi vijidudu vingine vife, hushika unyevu vizuri sana. Wenzetu wa Nairobi walilijua zamani.

Linalofuata ni umiliki, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California walichapisha mbinu yao ya kuunganisha jeni Novemba 1973. Stanford iliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, Novemba 1974, siku chache tu kabla ya kwisha mwaka mmoja ambao sheria ya Marekani iliwaruhusu. Nje ya Marekani walikuwa wameshachelewa, maana nchi nyingi ukishachapisha, hataza hupati tena. Hataza za Marekani peke yake ziliviingizia vyuo hivyo takriban dola milioni 255. Piga hesabu ya kilichopotea kwingineko. (Boyer huyo ndiye aliyeanzisha Genentech na Robert Swanson mwaka 1976, kwa hiyo usimhurumie sana.)

Basi kabla ya bango la kongamano, kabla hata ya ikisiri, pita ofisi ya chuo inayoshughulikia miliki ubunifu. Vyuo vingi huhesabu kuwa ni mali yao kilichopatikana kwa vifaa na mishahara yao. Omba mkataba wa maandishi: bakteria ni wa nani, chuo kitapata nini kwenye mauzo, na msimamizi wako anaingia kama nani. Hilo la msimamizi ndilo linalotoa jasho. Ni Profesa, umemwamkia shikamoo miaka yote, leo ukae naye mezani mgawane hisa! Kaa tu. Mwenye hisa nyingi asiye na muda wa kampuni ndiye ambaye mwekezaji atamuulizia kwanza.

Na si lazima uwe na kampuni. Biofix ya Kenya ilitoka katika maabara ya Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini inatengenezwa na kuuzwa kwa leseni na MEA, kampuni ya mbolea yenye mtandao wake wa mauzo. Kama unapenda darubini kuliko kufukuzana na wenye maduka wanaodaiwa, njia hiyo ina heshima zake.

Usajili wa BRELA unafanyika mtandaoni, usiufanyie sherehe. Unaokula muda ni wa TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, kwa sababu mbolea lazima ijaribiwe shambani na shamba linafuata mvua. Ukikosa msimu unasubiri mwingine, huku pango na mishahara havisubiri. Bajeti yako ihesabu misimu, sio miezi.

Ukifika kwa mkulima, grafu ziache garini. Acha mistari michache isiyopakwa ili alinganishe mwenyewe. Soya ikikaribia kutoa maua, chimbua mche kwa jembe, usiuvute, vinundu vitabaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha: ndani kikiwa chekundu, bakteria wako kazini, kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kitu. Na mwambie wazi apake mbegu kivulini, asizichanganye na dawa ya ukungu, azipande siku hiyohiyo. Zikichomwa na jua, atakayelaumiwa ni wewe uliyeandika jina lako kwenye pakiti.