Hesabu kwanza, ndipo usamehe

Makanisani mwetu Unguja na Pemba neno "nimekusamehe" hutoka upesi mno. Wakristo ni wachache na visiwa ni vidogo. Uliyegombana naye Jumamosi utasimama naye kwaya Jumapili, basi watu wanapeana mikono ili ibada iendelee. Miezi mitatu baadaye jambo lile lile linafumuka, na safari hii limezaa.

Linafumuka kwa sababu deni halikuhesabiwa. Soma tena Mathayo 18:23-35. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Mtumwa aliyefutiwa na bwana wake deni la talanta 10,000 alikuwa akimdai mwenzake dinari 100. Wahubiri wengi huziita hizo senti tu. Si senti hata kidogo: ni vibarua vya siku mia! Yesu hakusema ulichokosewa ni kidogo. Alikitaja kwa kiasi chake, ndipo akakiweka kando ya deni ulilosamehewa wewe na Mungu.

Basi chukua karatasi, ufanye kama wafanyavyo akina mama wa Wete, Pemba, karafuu zikishuka kutoka shamba. Zinachambuliwa upesi, karafuu jamvi hili, makonyo (vikonyo vyake) jamvi lile. Zikirundikwa mbichi kwenye gunia zinapata moto na kuvunda, na baada ya hapo hata jua kali halizirudishi. Karatasi yako igawe majamvi matatu. Jamvi la kwanza andika alichotenda aliyekukosea, kwa maneno ambayo hata yeye angeyakubali: "Alichukua shilingi 150,000 za kikundi, akaahidi kurudisha Ijumaa, hakurudisha." La pili, ulichopoteza: ada ya mtoto ilichelewa, jina lako likazungumzwa barazani. La tatu ni uliyoyaongeza mwenyewe usiku usingizi ulipokataa: "ananidharau", "alipanga tangu mwanzo". Mara nyingi hili la tatu ndilo refu kuliko yote. Hayo hayasamehewi, maana yeye hakuyatenda. Hayo utubu wewe.

Kisha mwendee, "wewe na yeye peke yenu", kama isemavyo Mathayo 18:15. Usitume ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kabla ya adhana ya isha ujumbe huo utakuwa umeshasambaa hadi Mwera, nje ya mji. Sema ya jamvi la kwanza na la pili tu, kosa moja kwa kikao kimoja. Ukianza "na mwaka juzi pia…", umeshaharibu.

Na kama mkosaji ni wewe, huku kwetu tuna neno zuri: niwie radhi. Lakini usilitangulizie "kama nimekukosea", kwa sababu hiyo "kama" inamrudishia mwenzako mzigo wa kuthibitisha. Taja kosa, taja malipo: "Niwie radhi, nilizichukua zile fedha, nitarudisha 50,000 kila mwisho wa mwezi." Zakayo alitaja kiwango papo hapo, mara nne (Luka 19:8).

Kusamehe na kuamini tena ni mambo mawili. Mweka hazina aliyekula fedha asamehewe, lakini asikabidhiwe sanduku mwezi ujao. Anayepigwa nyumbani asiambiwe arudi avumilie kwa jina la msamaha; aende kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), aende polisi, na kanisa lisimame naye. Tazama Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa kwenye uwanja ule ule. Altare, kama inavyosimuliwa, iko mahali pa nguzo waliyofungwa watumwa wakichapwa. Nje ziko sanamu za watumwa ndani ya shimo, minyororo shingoni. Ndani watu wanasali, na nje hakuna kilichofichwa.

Shukrani nayo inaharibika kwa kutotaja. "Namshukuru Mungu kwa yote" ni kweli, ila mara nyingi ni njia ya kutomtazama mtu yeyote usoni. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja, kwa miguu yake. Kila usiku andika mistari mitatu: nani, alifanya nini, kilimgharimu nini. Jirani Mwislamu aliyekaa na wanao ulipokuwa kwenye mkesha wa Pasaka, kilimgharimu usingizi. Kila wiki mmoja wao mwendee umwambie kwa mdomo. Ila usimpe mtu aliyeumizwa jana dawa ya "shukuru tu, wenzako wana makubwa". Mwache kwanza achambue.

Baada ya miezi mitatu toa karatasi ile uisome. Jamvi la tatu likiwa limekuwa refu zaidi, ujue umekuwa ukilisha hasira. Anza upya, safari hii na padri au mchungaji wako. Likiwa limefupika, hata kwa mistari miwili, hapo umekua. Na kama la kwanza bado linauma vile vile, usijilaumu. Petro aliambiwa asamehe sabini mara saba, na kosa moja zito laweza kuzimaliza zote.