Beba sufuria mbili za presha

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja, muuguzi, aliyeolewa na daktari mwaka jana. "Bwana asifiwe mama. Tumeitikia wito, tunapanda milimani baada ya miezi mitano. Naomba unisaidie orodha ya vitu vya kubeba." Basi, hakuuliza lingine. Nilijiona mwenyewe miaka ishirini na moja iliyopita, daftari la orodha mkononi, na mimba ya miezi minne ambayo sikuiandika popote kwenye orodha ile.

Nilitaka kumjibu haraka: koti zito, buti, taa ya kuvaa kichwani. Lakini ujumbe wake ulinikuta jioni ambayo binti yetu mkubwa alikuwa ametutembelea. Tulikuwa tunaongea tu mambo ya zamani, naye anakausha vyombo, mara akasema, wala hana hasira: "Mama, sisi si tulikuwa tunakula baada ya mikasi?"

Baba yake alicheka. Mimi nilikwenda kukaa nje.

Niwaeleze hiyo mikasi. Kituo chetu cha tiba cha misheni kilikuwa kama mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100. Yanatokota kwa kelele zote, ila vijidudu sugu vimo humo vinaoga tu. Vifaa vya kuzalishia na kushonea ni lazima viingie kwenye mvuke wa presha, na mashine yetu ya kutakasia iliharibika mwezi wa tatu tangu tufike. Ikabaki sufuria ya presha ya jikoni kwangu. Vitabuni wameandika nyuzi 121, dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa kitambaa. Kule juu sufuria ileile haifikii nyuzi hizo, hivyo tuliiacha motoni karibu saa nzima, nyumba inanuka chuma na kitambaa kibichi. Na kwa sababu ileile ya maji kuchemka mapema, ndiyo sufuria pekee iliyoweza kuivisha chakula kigumu. Jioni watoto watatu wamekaa kwenye benchi, wanakodolea macho kile kidude cha juu ya mfuniko kinavyotikisika na kupuliza. Zamu ya mikasi kwanza. Halafu naisugua, naisuuza mara mbili, ndipo kinaingia chakula. Kuna usiku walilala na vijiko mkononi.

Nikiri jambo: niliona fahari. Niliiandika kwenye barua ya maombi kama ushuhuda, sufuria moja, huduma mbili! Hakuna barua yangu iliyowahi kupendwa kama ile. Wengine walitoa machozi kanisani, niliambiwa. Hakuna hata mmoja aliyenunua sufuria ya pili, na mimi sikuomba, maana ningeomba ushuhuda ungeisha.

Kwa hiyo, binti yangu, la kwanza kwenye orodha yako: sufuria mbili za presha. Moja ya zahanati, moja ya nyumba, na ya nyumba isivuke ua. Vifurushi vya kujifungulia vitakase mapema, vipange kabatini, ili usije ukajikuta saa mbili usiku unachagua kati ya mzazi na mwanao.

Mimi niliwahi kuchagua. Ilikuwa mwaka wa nne. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku mbili kwa miguu, kwenye chanjo. (Watu hudhani adui wa chanjo ni joto peke yake. Milimani adui mwingine ni baridi: sanduku linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, na chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika. Basi baba watoto usiku alilivisha sanduku blanketi lake, yeye akatetemeka.) Nilibaki peke yangu na foleni. Mfukoni mwa aproni nilikuwa na oksimita, ile ya kubana kidoleni inayopima oksijeni ya damu kwa asilimia, na siku ile nadhani niliibana kwenye vidole arobaini. Kitindamimba wetu alikuwa na homa tangu asubuhi. Kila nikipita mlangoni kwetu namwambia, "Mama anakuja." Nilikuja jua limezama. Nikambana kidole: 78.

Kule juu mtu mzima mwenye afya akisoma 90 hatushtuki. Ila 78 nilijua ni nini kabla sijafunua shati na kuona mbavu zinavyobonyea kila akivuta pumzi. Nimonia. Siku nne zilizofuata sina cha kuzisimulia, ni kuhesabu pumzi tu na kusikiliza mashine ya oksijeni ikinguruma. Alipona, leo ni kijana mrefu kunipita. Mganga hajigangi, watu husema, na husema huku wanacheka.

Tangu siku ile sheria ikawa moja: asubuhi, kabla mlango wa zahanati haujafunguliwa, vidole vya watoto wangu vinabanwa kwanza. Nawe fanya hivyo. Wako kwanza. Foleni itakusubiri, foleni haijawahi kukosa subira kama tunavyojidanganya.

Msinielewe vibaya, kazi tuliyofanya naionea fahari mpaka leo. Mvua za milimani huosha madini joto kwenye udongo, kwa hiyo tulipofika karibu kila mama mtu mzima alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo. Uswisi, nayo nchi ya milima, ilianza kutumia chumvi yenye madini joto mwaka 1922, na sisi tulikuwa bado tunabishana na wauza chumvi miongo mingi baadaye. Tulibishana mpaka wakakubali. Watoto waliozaliwa mikononi mwangu shingo zao ni laini, na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nilifundisha pia akina mama kubeba watoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, jiji ambalo nalo liko juu milimani. Nilifundisha vizuri sana, huku wangu mwenyewe yuko mgongoni kwa msichana wa kazi.

Mwaka wa nane binti yetu mkubwa aliacha kuongea shuleni. Miezi miwili, kimya. Tukashuka bondeni naye kwa mwaka mmoja, baba akawa anapanda na kushuka. Kanisa lililotutuma likatuandikia barua ya mistari sita: kwa kuwa tumepumzika, na mchango nao utapumzika. Sitalitaja kanisa, nimesamehe. Karibu. Barua ile bado ninayo, ndani ya kitabu cha uzazi, ukurasa wa kutokwa damu baada ya kujifungua, na sikuiweka hapo kwa bahati mbaya. Miaka minane ya ripoti zangu walihesabu waliozalishwa, waliochanjwa, waliobatizwa. Watoto wetu waliwataka kwa ajili ya picha tu.

Wahubiri wetu wanampenda Livingstone, na kweli alikuwa daktari na alikuwa jasiri. Ila ngoja nimalizie wanapoishia. Mwaka 1852 alimpandisha mkewe Mary melini pamoja na watoto, wakaenda Uingereza bila yeye, wakaishi kwa kutangatanga. Mary alirudi kumfuata, akafia Shupanga kando ya Zambezi mwaka 1862. Robert, mtoto wao wa kwanza, aliingia jeshini Marekani kwa jina la bandia, akafa mateka wa vita mwaka 1864. Baba mwenyewe alikuja kujuta kwamba hakutenga muda wa kucheza na wanawe. Hayo mbona hayafiki madhabahuni?

Ndugu zangu mnaojiandaa kupanda, nisikieni. Mungu hakukupa watoto kwa bahati mbaya, halafu wagonjwa kwa makusudi. Someni habari za Eli na wanawe. Someni Wimbo Ulio Bora, yule binti aliyewekwa kulinda mizabibu ya wengine, ya kwake akaiacha. Mke, kama wito ni wa mumeo peke yake na wewe unafuata tu, sema sasa, mkiwa bado bondeni. Mume, ukisikia mkeo anasema "tutazoea", muulize mara ya pili. Watoto wako kwanza. Narudia kwa sababu mimi niliambiwa mara moja nikasahau.

Haya, orodha, maana dada yangu anasubiri. Koti zito, ndiyo. Buti, ndiyo. Oksimita mbili, na moja ikae nyumbani. Sufuria mbili za presha, na mumeo akilalamika mzigo umezidi, atoe vitabu vyake. Beba na mipira ya akiba ya mfuniko, mitatu kwa kila sufuria. Hukauka na kupasuka, na ukipasuka wa zahanati watakuja kuazima wa kwako.